Mundu wa Anatoli

2 Februari

Mvua imerudi leo asubuhi baada ya siku tisa za jua. Nilikuwa jikoni nikamsikia Anatoli anakata majani mgombani, kwenye shamba letu la ndizi. Kata, kata, kimya. Kata, kata, kimya. Ndivyo alivyokuwa akikata, mara mbili kisha anapumzisha mkono, kwa sababu bega lake la kulia lilikuwa linamsumbua tangu ujana. Nilimimina uji kwenye kikombe chake nikatoka nao. Nilipofika mlangoni ndipo nilipokumbuka kwamba Anatoli tulimzika mwezi wa sita mwaka jana, hapo hapo mgombani, hatua ishirini kutoka mlango huo.

Aliyekuwa anakata ni mdogo wake, Renatus. Bega la Renatus haliumi. Alijifunza kukata kwa kaka yake, akajifunza pamoja na maumivu yake.

Uji nilimpa yeye. Daftari hili nimelianza leo kwa sababu hiyo. Zamani jioni nilikuwa namweleza mume wangu mambo ya siku, hata yasiyo na maana, kuku katagia wapi, nani kapita kwenda Rulenge. Yeye alikuwa anajibu "Ehe" tu. Daftari nalo halisemi sana.

4 Februari

Mvua. Nimepanda maharage kati ya migomba, upande wa juu.

9 Februari

Jumatatu. Renatus kapita na mundu begani kwenda kwa Bartholomayo, mwenyekiti wa jumuiya yetu.

Ule ulikuwa mzunguko wa Anatoli. Jumatatu kwa Bartholomayo na jirani zake wa kilimani. Jumatano kwa mwalimu mstaafu na wale wa karibu na kanisa. Ijumaa bondeni, kwa wazee na wajane. Alikuwa anawatolea majani makavu, anapunguza machipukizi, anakata lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu. Hakutaka malipo. Ukimuuliza kwa nini anajichosha, anasema mgomba mchafu unamtia aibu hata jirani.

Siku ya kuanua tanga wazee walimkabidhi Renatus mundu. Kwa ukoo wao, chuma cha marehemu hakipiti motoni mpaka mwaka wa msiba uishe. Mwaka ukiisha, mjane mwenyewe anakitia motoni, ananyolewa, na hapo msiba umekwisha. Kabla ya hapo mundu bado ni wa Anatoli, Renatus kaushika tu. Watu wanapenda hivyo. Wanasema Anatoli bado anawahudumia.

Na mimi napenda. Naona kama hajamaliza kuondoka.

17 Februari

Tumeitwa barazani pa kanisa kumsikiliza bibi shamba mpya. Anaitwa Yuster, ametokea Nyamahanga kule Biharamulo, anaendesha pikipiki mwenyewe. Ni mdogo kuliko binti yangu wa mwisho. Nilijiambia huyu ametumwa kuja kutuchezea.

Kasema mnyauko wa migomba umeonekana tena wilayani, ule tuliokuwa tunauita unyanjano. Ulikuja watoto wangu wakiwa wadogo, ukapoa, tukausahau. Kasema ua la mkungu livunjwe kwa mti wenye panda, lisiguswe na chuma. Na chuma chochote kikitoka kwenye shina moja, kipite motoni kabla hakijagusa shina lingine.

"Mwanangu," Bartholomayo akamwuliza, "nina migomba mia nne. Nitakuwa nakata au nitakuwa napika?"

Watu wakacheka.

"Mwaka huu utapika, baba," Yuster akajibu, "ili mwakani uwe na cha kupika."

Hapo walicheka zaidi. Kisha Renatus akainua mundu. "Huu ni wa marehemu. Moto wake ni mwezi wa sita."

"Basi uoshe kwa jiki, kaka. Ndoo moja, unachovya tu."

"Marehemu haoshwi mara mbili."

Yuster akatutazama akitafuta mtu wa kucheka naye. Hakumpata. Macho yake yakafika kwenye kitambaa changu cheusi yakasimama hapo. "Pole, mama," akasema, akageukia habari za mbolea na miche ya maabara.

Njiani nilitembea karibu na Renatus. Nilijisikia fahari. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

23 Februari

Mvua kubwa. Nimekuta kiatu kimoja cha Anatoli chini ya kitanda, udongo umekaukia kwenye soli. Nimekirudisha.

27 Februari

Kwa Bartholomayo, shina la tatu kutoka njiani, jani la katikati limelegea kama sikio la mbuzi mgonjwa. Alipasua ndizi changa mbele yangu. Ndani ni ya kahawia, kama chuma kilicholala mvuani.

"Ni jua lile la Januari," akasema.

Nikakubali kwamba ni jua.

6 Machi

Yuster kaja saa nne, matope mpaka magotini. Nikampa maji na kiti. Kanisalimia shikamoo kwa mikono miwili.

Alitaka kuniuliza kuhusu majirani. Kwenye simu yake kubwa ana ramani, na kila shamba lenye ugonjwa kaliwekea kidoa chekundu. Vidoa ni kumi na moja sasa. Sikujua kwamba tumefika kumi na moja.

"Sielewi, mama. Ugonjwa ukibebwa na nyuki unaenea tu, shamba hadi shamba. Huu unaruka. Ona hapa, umeacha mashamba matatu yanayofuatana, halafu ukaingia hili. Kama mtu anayechagua nyumba za kupiga hodi."

Nikaangalia. Yale matatu ni ya watu wenye vijana wao wa kukata. Hawakuwahi kumhitaji mtu. Vidoa vingine nilivisoma kama ninavyosoma Baba Yetu: hapa Jumatatu, hapa Jumatatu, hapa Jumatano kwa mwalimu, hapa Ijumaa, hapa Ijumaa. Nilimwona Anatoli anatembea ndani ya kile kioo, mundu begani, akiinamisha kichwa kidogo kwenye kila lango.

"Unawajua hawa watu?"

"Nawajua wote."

"Kuna kitu kinachowaunganisha?"

Nikasema, "Ni majirani."

Kanishukuru. Pikipiki iligoma kuwaka mara mbili, na mara zote mbili nilifungua mdomo. Mara ya tatu ikawaka.

Alipoondoka nilikaa pale pale. Nimekumbuka mwezi wa tano mwaka jana. Anatoli alikwenda Mabawe kumsaidia dada yake kusafisha mgomba, akarudi jioni, akasema, "Migomba ya dada imechoka, sijui ina nini." Mundu ulikuwa unanata. Aliupangusa kwa jani, akaukwaruza kwa kucha, akasema utomvu wa Mabawe ni kama gundi. Kesho yake asubuhi alikata hapa kwetu akipiga mluzi, kisha akaenda kwa Bartholomayo, kwa sababu ilikuwa Jumatatu. Wiki nne baadaye alikuwa kitandani, wiki ya tano kaburini.

Hakupumzika, basi. Anapita tena zile zile nyumba.

Nimekwenda kuangalia kwetu. Upande wa chini, karibu na kaburi, mashina manne.

8 Machi

Kanisani nilipiga magoti muda mrefu kuliko wote. Watu walidhani nasali.

9 Machi

Nimekwenda kwa mama Ildefonsa kumjulia hali. Ni mjane wa miaka mingi, na mgomba wake ndio mzuri kuliko yote bondeni. Mashina yake ni meusi na manene, chini kumetandikwa majani makavu kama zulia. Hana kingine. Ndizi anakula, ndizi anauza, ndizi anakamulia pombe wakati wa harusi za watu. Hakuwa kwenye mzunguko, alikuwa anakata mwenyewe, mpaka Krismasi alipoteguka kiuno.

Kanipakulia ndizi na maharage.

"Kula, mke wa Anatoli. Umekonda, watu watasema nakuroga."

"Nakula, mama."

"Kesho Renatus anakuja kunikatia. Nimemwambia aje na mundu ule ule, siyo panga. Vijana wa siku hizi wanakata mgomba kama wanaua nyoka." Akacheka, akashika kiuno. "Anatoli alikuwa anaukata kama anamnyoa mtoto."

Ingekuwa rahisi kiasi gani kusema. Mama, usimruhusu. Maneno mawili tu. Lakini angeniuliza kwa nini, na jibu lingekuwa jina la mume wangu. Nilikuwa na maneno mdomoni pamoja na ndizi. Nikameza vyote.

10 Machi

Upepo unatoka kwake kuja kwangu. Kata, kata, kimya. Imechukua asubuhi nzima.

12 Machi

Nilimsubiri Renatus njiani.

"Shemeji, upumzishe huo mundu."

"Kwa nini, shemeji?"

"Yule binti kasema moto."

"Yule binti kasema pia tupande maharage ya rangi moja kwa kamba. Umepanda?" Alikuwa anatabasamu. Ana meno ya Anatoli, yale mawili ya mbele. "Shemeji, nikipita na mundu huu, watu wananiita kwa jina lake. Wazee wananiambia, karibu Anatoli. Unataka niwaambie hayupo?"

Mimi mwenyewe sitaki kuambiwa.

14 Machi

Nimepita kwa mama Ildefonsa. Majani mabichi.

18 Machi

Mvua. Nimepita kwa Ildefonsa. Majani mabichi. Kwetu mashina tisa.

22 Machi

Mwalimu mstaafu amefyeka nusu ya mgomba wake. Alikuwa amekaa juu ya mashina yaliyolala kama mtu aliyekosa gari. Kila jeraha la shina lilikuwa linatoa usaha wa manjano. Aliniambia, "Ningemjua aliyeniletea hii, Adelfina, ningemwuliza tu nilimkosea nini."

Nimepita kwa Ildefonsa. Majani mabichi.

25 Machi

Majani mabichi. Nimeanza kuamini kwamba labda nilikosea.

28 Machi

Majani mabichi. Mama Ildefonsa kaniuliza kwa nini napita kila mara na sikubali kuingia. Nikamwambia nina haraka. Kasema, "Haraka ya kwenda wapi? Njia hii inaishia kwangu."

31 Machi

Jani moja. La katikati, kwenye shina lililo karibu na dirisha lake. Ukingo wake tu umegeuka manjano, kama kurasa za kitabu cha sala cha zamani. Yeye hajaliona. Alikuwa kakaa chini yake anapepeta maharage.

1 Aprili

Leo jumuiya ilisali kwa Bartholomayo. Tulimaliza rozari, Bartholomayo akauliza kama kuna mwenye neno. Huwa ni wakati wa kutangaza mchango au mgonjwa. Nikasimama.

Nikawaambia unyanjano umeletwa na mundu wa Anatoli. Kwamba aliutoa Mabawe bila kujua, akaupitisha kwenye mzunguko wake, na Renatus akaufuatisha mvua yote hii. "Msinisadiki mimi," nikasema. "Hesabuni mashamba."

Walihesabu. Niliona midomo inakwenda: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.

"Msiba umemchanganya shemeji yangu," Renatus akasema.

"Mwache," Bartholomayo akasema.

"Nipe mundu, Renatus."

"Mwaka haujaisha."

"Mjane ni nani hapa?"

Akautazama mundu.

"Mimi nasema umeisha. Nipe."

Alinipa. Aliushika kidogo zaidi kwa upande wake kabla ya kuuachia, na sikumlaumu. Jikoni kwa Bartholomayo maharage yalikuwa yanachemka. Nikaipua sufuria, nikalaza ubapa juu ya makaa. Utomvu mkavu ukaanza kufuka, moshi mweusi mzito, na harufu yake ilikuwa ya mashati yake yote niliyowahi kufua. Nilisimama humo mpaka chuma kikawa chekundu. Niliomba wasiingie, na hawakuingia.

Nilipotoka, Renatus alikuwa ameondoka. Mama Ildefonsa alikuwa bado kakaa kwenye mkeka, fimbo mapajani.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

"Tarehe sita mwezi wa tatu."

"Mimi kanikatia tarehe kumi."

"Ndiyo, mama."

"Tarehe tisa ulikula kwangu."

"Ndiyo, mama."

Alihitaji msaada kunyanyuka. Nilinyoosha mkono, akachukua wa Bartholomayo.

5 Aprili

Pasaka. Sikupika. Dada wa Renatus kaja kuninyoa. Hakuniangalia usoni, lakini maji ya kunyolea aliyapasha moto kwanza, yasinichome baridi.

13 Aprili

Tumefyeka mgomba wangu wote. Yuster kasema ningeweza kujaribu kutoa shina moja moja, ila kwa hali ilivyo ningekuwa nazika kidogo kidogo. Wamekuja vijana sita wa jumuiya. Renatus hakuja. Kila kijana alikuwa na panga lake na moto wake, na kulikuwa na moshi kila mahali kama siku ya kuchinja.

Walipofika kwenye kaburi walisimama. Shina lililokuwa juu ya kichwa chake alilipanda baba yake. Yuster alinijia.

"Mama, hili naweza kuandika kwamba ni zima. Nitakuwa napita kulikagua mwenyewe."

Nikamwangalia. Nilikuwa nimemwona mtoto aliyekuja kutuchezea, na sasa alikuwa ananipa uongo kwa huruma, uongo wa aina ile ile niliyompa yeye.

"Sio zima, mwanangu. Likateni."

Jioni nimekaa mlangoni. Tangu niolewe sijawahi kuona kilima cha ng'ambo kutoka mlango huu. Kaburi liko juani.

16 Aprili

Kisimani wanawake walikuwa wanaongea na hawakuniona nyuma ya mwinuko. Mmoja alisema Anatoli kumbe alikuwa anatembeza kifo kwa jina la wema. Mwingine akasema ndiyo maana hakutaka malipo, mchawi halipwi. Wakacheka, kicheko cha watu waliochoka.

Kisha nikasikia fimbo inagonga jiwe. "Anatoli msimseme mbele yangu," mama Ildefonsa akasema. "Anatoli hakujua. Aliyejua ni mke wake."

Nikashuka na ndoo yangu, nikasalimia, nikachota. Hakuna aliyenisogezea kata ya kuchotea.

Njiani kurudi nililia, na huku nalia mwili ulikuwa mwepesi. Kile nilichokuwa nakilinda siku zote zile kakilinda yeye, aliyepotezewa mgomba. Mzigo kauondoa kwa marehemu akauweka kwangu, na ni kweli ni wangu.

20 Aprili

Nimekwenda kwa mama Ildefonsa na jembe. Migomba yake imekwisha fyekwa, imebaki visiki, na visiki visipong'olewa vinachipua na ugonjwa wake. Yeye kwa kiuno kile hawezi. Nimemwamkia, hakuitikia. Nimeng'oa vinane.

21 Aprili

Vinane. Hakuitikia.

22 Aprili

Mvua. Vitano.

27 Aprili

Mashimba kaja na ng'ombe wake wa plau. Ni Msukuma wa Nyamahanga, ndugu wa mbali wa Yuster, anazunguka kulima mashamba yaliyofyekwa. Ni mara ya kwanza plau kuingia kwetu. Hapo zamani ingepita wapi, migomba ilikuwa imejaa mpaka ukutani.

"Mama, ninyi Wahangaza mlikuwa mnaishi ndani ya majani kama vinyonga," akanitania.

"Na ninyi mkiona mti mmoja mnaulizana huu msitu ni wa nani."

Alicheka mpaka ng'ombe wakasimama. Alipolikaribia kaburi aliacha kuwapigia kelele, akavua kofia, akawageuza mapema, akaacha pande zote nafasi ya mtu kupita. Yuster kasema tupumzishe ardhi, mwezi wa tisa twende na mahindi kwa kamba, na miche ya maabara isiingie kabla ya mwakani. Nimekubali. Udongo uliopinduliwa ulikuwa mwekundu kuliko nilivyoufikiria.

4 Mei

Renatus kaja. Kabeba mti mrefu wenye panda na ndoo ya jiki. Hakukaa.

"Nimeanza tena mzunguko," akasema. "Wale waliobakiwa na migomba."

"Wanakupokea?"

"Wanafungua lango nusu."

"Na wanakuitaje?"

Akatua ndoo. "Renatus."

Nikampa uji. Aliunywa amesimama, akaenda. Nimesikiliza kwa muda mrefu, lakini panda ya mti haina sauti.

9 Mei

Mvua zinaisha. Leo ni siku ya kumi na tano kwa mama Ildefonsa. Nimemwamkia kama siku zote, hakuitikia, nikaanza kuchimba. Kaleta kigoda chake nje, kakaa na fimbo yake, ananiangalia. Sikujua kama nichimbe haraka au polepole. Saa sita jua lilipokuwa kali nilijiandaa kuondoka, nikafuta jembe, nikalichovya kwenye jiki kama tulivyofundishwa.

Akanyoosha fimbo kuelekea dirishani.

"Pale umeacha kisiki," akasema.

Nikarudi nikaking'oa.